Asali Iliyoshinda Kesi

Leonia hakutaka kuombwa radhi faraghani. Alitaka Zabibu aumbuke mbele za watu, maana mwanamke yule, mgeni wa Kigwa aliyeolewa juzijuzi tu kijijini kwao, njia ya Ipole, naye mchuuzi wa asali, alikuwa akitangaza kwamba asali ya Leonia inanuka tumbaku. Wateja walihama. Hata Advera, mwenye mgahawa Tabora mjini, aliyezoea kuchukua ndoo nzima, aliacha kupokea simu. Leonia alijua fika nani kamtia maneno, akamshtaki kwa wazee wa usuluhishi.

Mzee Masolwa, mwenyekiti wao, aliliweka wazi. Kubeza mboga ya mwenzio ni midomo tu, alisema, lakini kisheria, ukisema uongo juu ya bidhaa ya mtu hadi biashara yake ikafa, hiyo ni kashfa. Kama ni kweli, hakuna kesi.

"Basi onjeni," Zabibu akasema.

Kwa desturi muuzaji huonja kwanza. Leonia akachovya kidole kwenye ndoo aliyokuja nayo, akalamba, akamtazama mbaya wake usoni. Wazee wakafuata, wakinusa hadi pua zikagusa ndoo. Hakuna aliyesikia harufu yoyote.

"Mtanusa nini nyie?" Zabibu akafoka. "Mmezaliwa kwenye moshi wa mabani ya kukaushia tumbaku, mtazeekea humo humo."

Masolwa akamwambia anaongeza kesi juu ya kesi. Wakaamua aombe radhi hadharani na asiuze tena asali ya kijiji, ingawa kazi nyingine hakuwa nayo. Aliomba radhi kwa sauti kavu. Leonia alifurahi, na wala hakuificha furaha yake.

Kesho yake alipanda basi na ndoo ileile hadi kwa Advera, akamsimulia ushindi wake wote. Advera alifunua kifuniko, akarudisha uso nyuma upesi.

"Mama, pole. Inanuka tumbaku. Niliona haya kukwambia."

"Zabibu ndiye kakujaza hayo."

"Zabibu ndiye nani?"

Jioni Leonia aliingia kwenye bani la mumewe, ambamo ndoo zao zilikaa msimu mzima kwa sababu sisimizi hawaingii. Majani ya tumbaku yalining'inia juu ya vifuniko. Alivuta pumzi kwa nguvu, akavuta tena, asisikie kitu. Akamchukia Zabibu kuliko siku zote.