Gari Lililoshushiwa Mama Mkwe

Kamioneti ya Evode ilipofika juu ya kilima, Mama Drocella alikuwa amekwisha kuvaa. Alikuwa na kitenge chake cha misa, kitambaa cheupe kichwani, na kikapu cha maharagwe mapya karibu na miguu yake. Binti yake Libérata alikuwa amejifungua kule Walikale, mtoto wa kwanza baada ya miaka mingi ya kungoja na kusemwa na watu, na mtoto huyo angebatizwa Jumapili. Evode, mume wa Libérata, alikuwa dereva wa kampuni moja ya madini kule msituni. Kamioneti hiyo, gari dogo la mizigo, alikuwa ameinunua ikiwa kuukuu kwa Mzungu mmoja aliyerudi kwao, na safari yake ya kwanza ndefu ilikuwa hii ya kuja Masisi kumchukua mama mkwe.

Mama Drocella alifika mlangoni mwa gari kwa mkongojo wake. Alishika chuma cha mlango, akainua mguu wa kushoto. Mguu haukufika. Nyonga ile ilikuwa imekauka tangu alipoanguka shambani na mzigo wa kuni, na kikanyagio cha gari kilikuwa juu, karibu na goti. Akajaribu na mguu wa kulia, lakini wa kushoto haukukubali kumbeba peke yake. Akabaki ameshika chuma, watu wote wa kilima wakimtazama.

Straton, mtoto wa kaka yake, akakunja mikono ya shati. Alikuwa kijana mkubwa mwenye mdomo mwepesi na moyo mwepesi vilevile.

"Shangazi, tulia. Tunakuinua kidogo tu, kama gunia ya maharagwe."

"Mimi si gunia," alisema Mama Drocella, na akarudi kukaa kwenye kiti chake.

Hakuwa na hasira. Hakusahau kwamba siku ile alipoanguka, Straton huyo na wenzake walimbeba katika ingobyi, ile machela ya kusukwa, kutoka hapa mpaka zahanati ya mapadri, wakipokezana mabega, na kwamba Straton alikata jani la mgomba akamfunika uso kwa sababu ya jua. Wema kama huo alikuwa akiukumbuka kila akisali. Lakini tangu siku ile hakuna nyumba ya wengine aliyoingia bila mikono ya watu kutangulia. Wagonjwa hubebwa, na maiti hubebwa. Yeye alikuwa anakwenda kumpokea mjukuu. Alitaka kufika kwa miguu yake, mtoto amwone hivyo mara ya kwanza.

Wakamshauri apangiwe mawe kama ngazi. Hiyo ingefaa pale nyumbani tu. Njia ya Walikale ina madaraja mengi ya magogo, na kwenye kila daraja abiria hushuka, huvuka kwa miguu, halafu hupanda tena. Nani angepanga mawe huko? Na Evode mwenyewe hakuweza kumsaidia. Wakati huo wote alikuwa nyuma ya gari, amegeuza uso kwenye milima, kama inavyompasa mkwe. Tangu amwoe Libérata hakuwahi kugusa mkono wa mama mkwe wake, hakula naye sahani moja, hakulitaja jina lake. Walichotaka kuambiana kilipita kwa Mukandori, wifi yake Mama Drocella, mwanamke mwembamba aliyekaa naye uani na ambaye hakupeleka neno lolote bila kuliongezea chumvi.

Mukandori akaenda nyuma ya gari, wakasemezana kwa muda, akarudi amefunika mdomo kwa kanga.

"Wifi, mukwe wako anasema hivi: kama Mama hawezi kupanda kwa gari, gari itashuka kwa Mama."

Watu wakacheka. Katika milima ile madereva huongeza vyuma ili gari likae juu, lipite juu ya mawe. Gari la kushushwa hakuna aliyewahi kuliona, na Evode mwenyewe hakuwahi kulifanya jambo hilo. Lakini alikwisha kuvua koti.

Kazi ya kwanza ilikuwa kujua gari lishuke kiasi gani, na hapo mkwe alikwama kabla hajashika chombo. Ilibidi ajue mama anaweza kuinua mguu wake mpaka wapi. Alimwomba Mukandori amuulizie. Mukandori akakataa kabisa. Mkwe aulize habari za miguu ya mama mkwe wake? Alimwambia yeye ni mzee, bado anataka kuzikwa na watu.

Basi Evode akatafuta njia nyingine. Jioni hiyo Mama Drocella alisikia kitu kikikwaruza kizingiti cha nyumba yake. Akachungulia, akaona mti mmoja wa kusimamishia maharagwe umesimamishwa pale, na mkono unauwekea alama kwa kisu. Kisha mkono ukaondoka haraka na mti. Alikaa kidogo, akaelewa: mtu huyu anapima kizingiti kwa kuwa ameona ninakivuka. Akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka. Kizingiti kile kilikuwa chini sana. Gari la kushuka mpaka hapo lingelala juu ya tumbo.

Asubuhi akatoka nyuma ya nyumba, kwenye rundo la kuni. Akainua mguu juu ya gogo moja, halafu juu ya magogo mawili. Pale nyonga ilipoanza kumwambia basi, akasimamisha mti mwingine wa maharagwe, akafunga hapo fundo la jani kavu la mgomba.

"Peleka," alimwambia Mukandori. "Usiseme kitu."

Mukandori alipeleka, na inasemekana kwamba siku hiyo tu, katika maisha yake yote, hakusema kitu.

Evode alipopata kipimo chake, alianza na magurudumu, kwa sababu hiyo ndiyo njia rahisi. Kwenye banda la shamba moja la kahawa kulikuwa na gari dogo lililopinduka zamani, na mwenye shamba akamruhusu kuchukua magurudumu yake. Akayachagua kwa uangalifu, akayapaka mafuta, akainua kamioneti kwa kriki, yaani jeki, akatoa makubwa, akaweka madogo. Yakakubali. Gari likashuka, na kikanyagio kikawa sawasawa na fundo. Likapendeza pia, likakaa kama kuku aliyelalia mayai. Watoto walilizunguka wakiimba.

Evode akasema atalijaribu kwanza mpaka barabara kubwa. Hakufika. Njia ya kilima ilikuwa imechimbwa na magurudumu ya malori pande mbili, katikati imebaki tuta la udongo na majani. Magurudumu madogo yakazama katika mifereji, na gari likakaa juu ya tuta kama chura, halisogei mbele wala nyuma. Straton na vijana wakashuka kulisukuma.

"Papa Evode, umetengeneza gari ao jembe?" aliuliza Straton. "Tukikufungia ng'ombe mbele, tutalima mpaka Walikale."

Mama Drocella aliwasikia kutoka uani. Akamwita Mukandori, akamtuma aseme kwamba Evode arudishe gari lake kama lilivyokuwa, apeleke maharagwe na salamu, na yeye atamwona mtoto siku Libérata atakapoweza kusafiri naye. Ruhusa ya Evode kazini ilikuwa inakwisha, na Jumapili haingengoja nyonga ya mwanamke mzee.

Jibu lilirudi upesi. Evode aliomba siku moja tu. Alisema kosa si la mama wala la njia, ni lake yeye, amechagua vibaya.

Usiku ule akaingia chini ya gari na kulitazama tumbo lake kwa utulivu, na alfajiri akaenda kwa mhunzi Ndayambaje, akamweleza kwa kuchora katika majivu. Magurudumu madogo yalikuwa yameshusha kila kitu, pamoja na lile bonge la chuma katikati ya mhimili wa nyuma ambalo madereva huliita ponti. Bonge hilo ndilo lililokwama. Kumbe kilichotakiwa kushuka ni mwili wa gari tu, pale watu wanapokaa. Mwili unabebwa na resori, vile vyuma virefu vilivyopinda kama upinde, vimepangwa kimoja juu ya kingine. Basi magurudumu makubwa yarudi, yaibebe ponti juu ya tuta, na resori ndizo zipunguzwe upinde wake.

Ndayambaje alifikiri sana. Kutoa vyuma vingi vya resori kungeshusha gari mara moja, lakini lingekuwa laini mno, kila shimo lingegonga mpaka mifupa ya mama. Wakakubaliana kutoa kimoja kifupi tu kila upande, na vilivyobaki kuvinyoosha kidogo katika moto. Shida ilikuwa moja. Chuma cha resori kikizimwa kwa maji hukatika kama muhogo mkavu. Kilihitaji mafuta mengi, na mawese yaliyokuwa karibu ni debe lile ambalo Evode alimletea mama mkwe wake kutoka Walikale. Zawadi uliyompa mkwe wako hairudi kuombwa.

Hakuomba. Lakini Mama Drocella alisikia kwa Mukandori kwamba mhunzi anatafuta mafuta. Akalisukuma debe mwenyewe mpaka kwenye lango la ua, kwa mkongojo, hatua kwa hatua, akaliacha pale na kugeuka.

"Mwambie nimeshapika ya kunitosha," alimwambia Mukandori.

Siku nzima moshi wa mawese ulijaa bondeni, watu wakauliza nani anakaanga. Ndayambaje alinyoosha, Evode alipima kila chuma na mwenzake ili gari lisilale upande mmoja, Straton akavuta mivukuto bila kuombwa, akitania kila mtu. Vyuma vikazimwa katika mafuta, halafu vikafukiwa katika majivu ya moto vipoe polepole. Jioni vikafungwa tena, na magurudumu makubwa yakarudi mahali pake. Straton na vijana wanane wakajaa nyuma, Evode akashuka nao mpaka barabara kubwa na kurudi. Tuta lilipita katikati, likifagia tumbo la gari kwa majani tu.

Lakini alipousimamisha mti wa maharagwe kwenye kikanyagio, gari lilikuwa juu ya fundo kwa vidole viwili.

Ndayambaje alitikisa kichwa. Kushusha zaidi kungekuwa kuua gari kwenye daraja la kwanza. Evode alikaa chini karibu na gurudumu, na Mukandori, aliyepewa ujumbe, safari hii hakuutia chumvi. Alisema tu: "Wifi, anaomba musamaha. Imebaki vidole mbili. Anasema hana tena nguvu ya kuishusha, ataharibu."

Mama Drocella aliomba aletewe ule mti. Aliuweka magotini, akalitazama fundo. Lile fundo alilifunga pale maumivu yanapoanza. Hakuna aliyemwuliza anaweza kufika wapi akijaribu. Mtu huyu alikuwa amelala chini ya gari, akachekwa na kilima kizima, akaunguza mikono yake, na yote hayo bila kutazama uso wake hata mara moja. Akaenda kwenye kuni. Alijaribu, akashindwa, akapumzika. Akajaribu tena, ameshika ukuta, akisema "Yezu" kwa sauti ya chini. Mara ya tatu mguu ukapanda, ukakaa. Uliuma, lakini ulikaa.

Akafungua fundo, akalisogeza juu vidole viwili, akalikaza kwa meno.

Mukandori alipoupeleka mti, Evode aliutazama muda mrefu. Kisha akauegemeza kwenye gari, akaenda kunawa mikono.

Waliondoka asubuhi, ukungu haujatoka mabondeni. Evode alisimama mbele ya gari, uso kwenye barabara. Mama Drocella alishika chuma, akainua mguu, akapanda. Watu wa kilima hawakupiga kelele. Straton peke yake alisema, kwa sauti ya mtu wa kanisani, "Haya, Shangazi." Mukandori akaingia baada yake na kikapu.

Kwenye daraja la kwanza la magogo alishuka mwenyewe, akavuka kwa mkongojo, akapanda mwenyewe. La pili, vivyo hivyo. La tatu liliuma kuliko yote, na Evode, bila kugeuka wala kuambiwa, alichelewa kuwasha gari mpaka pumzi ya mama iliporudi. Milima ikapungua, hewa ikawa nzito na ya joto, miti ya msitu ikafunga pande zote. Resori zililia kwenye mashimo lakini hazikugonga.

Walifika Walikale jua likiwa bado kidogo juu ya miti. Libérata alisikia gari, akatoka mbio, mtoto kifuani, akiwaita majirani waje kumteremsha mama yake.

"Acha watu," alisema Mama Drocella. "Shika mulango tu."

Akateremsha mguu wa kulia, halafu wa kushoto. Akasimama katika ua wa binti yake, akampa Mukandori mkongojo, akanyoosha mikono yote miwili. Evode alikuwa ameinama upande wa pili, anatazama resori ya nyuma, na hakuinuka mpaka aliposikia mtoto ameanza kulia mikononi mwa bibi yake.