Koo la Honi

Msellem alikuwa kashika kikombe cha kahawa hewani, hakinywi wala hakiweki chini, maana mama yangu alikuwa akiimba kutoka kwenye kabati langu la spika, la mbao za mfenesi. Mama mwenyewe alikuwa amekaa mkekani, mdomo kaufumba. Mimi nilikuwa namtazama Msellem tu. Siku hiyo niliisubiri tangu sijaolewa.

Msellem ni mtoto wa shangazi yangu, na ndiye aliyekuwa akikodisha vyombo vya sauti kwenye harusi za Kengeja. Alipoolewa dada yangu Ummi, mama alisimama kuimba kasida. Alikuwa na sauti nzito, ya kumtuliza mtoto mwenye homa. Kwenye honi za Msellem, zile spika za mdomo mpana, ikatoka imepasuka, kali kama sufuria inayokwanguliwa. Watu wakacheka. Badala ya kuzima, Msellem akashika maikrofoni, akamtania mama, mke wa mjomba wake.

"Leo mkazamjomba koo lina kutu."

Wakacheka zaidi. Mama akakaa, na tangu hapo hakuimba tena, hata jikoni. Aliamini. Hilo ndilo lililonichoma.

Nikajifunza spika kwa chuki, wala sioni haya kusema. Honi ina koo na ina mdomo. Nyuma ya koo ndipo inapofungwa yuniti, kile kidude kizito chenye sumaku kinachotoa sauti. Tundu la yuniti na koo la honi lazima viwe sawasawa, sauti ipite bila ya kujikwaa. Ikijikwaa, inapiga ukelele, na anayeonekana mbaya ni muimbaji.

Nilipotengeneza spika za nyumbani kwangu Mtambile, yuniti nilizijaribu kwa rekodi ya harusi ile ile, iliyovutwa moja kwa moja kutoka kwenye maikrofoni, kabla sauti haijafika kwenye honi. Yuniti ya kwanza ilikuwa na kifua lakini ikala herufi. Sini za mama hazikusikika. Nyingine ilitamka vizuri, ikampa mama sauti nyembamba ya mtoto wa chuoni. Nikachonga honi upya, nikapapasa kooni mpaka ukucha haukukwama popote, nikatafuta yuniti pacha ili kushoto na kulia zisigombane. Siku mama alipotoka mzima kwenye spika, nilikaa sakafuni nikalia. Kisha nikamwalika Msellem aje anipe maoni ya fundi mkubwa. Akaja mbio, sifa anazipenda.

Kasida ilipokwisha, mama aligeuka.

"Nani huyo?"

"Ni wewe, mama. Harusi ya Ummi."

Nikatoa honi ya zamani, moja ya zile za harusini, ambayo Msellem mwenyewe aliniuzia kama chuma chakavu. Nikaiunga, nikaweka rekodi ile ile. Ikatoka sauti ya sufuria. Nikaifungua mbele yake: yuniti ndogo, koo pana, na katikati kipande cha mpira wa baiskeli alichozibia pengo.

"Ulijua?" nikamuuliza.

Aliangalia kikombe chake. "N'lijua, Mardhiya. Yuniti yake iliungua, n'kaweka nyengine. N'kaona ntaadhirika mbele za watu."

"Ukaona bora niadhirike mie," mama alisema. Sauti haikupanda. "Wajukuu zangu wote nimewalaza kimya, Msellem. Sijamwimbia hata mmoja."

Msellem akaweka kikombe chini, akaanza kuinuka. Nilikuwa na matusi yangu tayari, nimeyalea miaka. Mama akanitangulia.

"Kaa kitako," alimwambia. "Mardhiya, zima hivyo vyombo."

Nikazima. Mama akajikohoza, akaanza kuimba. Safari hii sauti ilikwaruza kweli, ikakatika, ikarudi, ikakatika tena, na hapakuwa na honi ya kusingiziwa. Msellem akainamisha kichwa, jicho lake likitafuta viatu. Nikasogea nikakaa mlangoni, asipate pa kupita.