Hapo Wewe Ruka

Mtaa mzima unajua mimi sina kifua. Ukiniletea kitambaa pamoja na siri, gauni linaweza kuchelewa, lakini siri itatoka siku hiyo hiyo. Ndiyo maana mpaka leo nashangaa niliwezaje kunyamaza juu ya neno moja la mwalimu.

Binti wa kaka yangu, tunayemwita Chiriku kwa kupenda kuongea, alianguka ngazini kwao akavunjika mguu. Wazazi wake wanashinda kazini, kwa hiyo akitoka shule hukaa nami kwenye chumba changu cha kushonea. Plasta ilipotolewa tulidhani mambo yamekwisha. Wapi! Mguu ulikuwa umekonda, na mwenyewe alikuwa kimya, anatembea huku akipapasa ukuta. Daktari akampiga picha, akamkunja goti na kulikunjua, akasema, "Mfupa umeunga vizuri. Akimbie, aruke, acheze. Mguu umepona, sasa tunamngoja mwenye mguu."

Akatufundisha mazoezi ya kitoto, ya kuigiza wanyama, ili mtoto acheze bila kujua anafanya mazoezi. Basi nami, na mwili wangu huu, nikasukuma meza ya kukatia mpaka ukutani, nikapandisha gauni na kuanza kutembea kama kaa. Mteja mmoja aliingia akanikuta nimesimama kwa mguu mmoja kama korongo, pini zimejaa mdomoni.

"Fundi, kulikoni?"

"Kuna kukupima kiuno. Kaa usubiri zamu yako."

Chiriku akaangua kicheko. Nilikuwa sijakisikia kicheko hicho tangu aanguke, na nusura nimeze pini. Kuanzia hapo akafuata kila kitu. Alitembea kikaa mpaka mlangoni. Alikuwa toroli, mimi nimemshika miguu na yeye anatembea kwa mikono huku akizoa vipande vya nyuzi sakafuni. Alisimama kikorongo vizuri kuliko mimi.

Ila chura. Chura ni kuchuchumaa kisha kuruka, na hapo mtoto alikuwa anashika mguu wa meza haachii. "Nitavunjika tena, shangazi." Nikabembeleza, nikafoka, nikaahidi gauni lenye mifuko miwili. Hataki. Niliogopa, sitaficha. Nilimwona atakavyokua: wenzake wanacheza, yeye amekaa kando amewashikia mikoba.

Ndipo siku moja akaingia anahema, mkoba unaning'inia bega moja. Shuleni darasa lao lilikuwa linajiandaa kuonyesha mazoezi hayo hayo siku ya wazazi.

"Shangazi! Tulipofika kwa chura, mwalimu wa michezo ameniambia, 'Hapo wewe ruka.'"

"Amekuambia uruke?"

"Ndiyo. Ruka."

Akachukua chaki yangu ya kitambaa, akachora mstari sakafuni, akachuchumaa. Alikaa pale mpaka nikadhani amelala. Kisha akajirusha, akauvuka mstari kwa upana wa kiganja, akatua kwa mikono na miguu. Akanitazama. Mimi nikajifanya natafuta mkasi, maana machozi yalikuwa yananitoka.

Lakini usiku ule hasira zikanipanda. Mwalimu gani huyo anamwamrisha mtoto aliyetoka kwenye plasta juzi? Je, kama angeteguka mbele ya darasa zima? Asubuhi nikafunga chumba, nikaenda shuleni na utepe wa kupimia bado shingoni. Nilimkuta kijana mwembamba anajaza mipira upepo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," nikasema kwa meno. "Wewe ndiye uliyemwambia mtoto wangu aruke?"

"Ndiyo, mama. Namhurumia. Nilimwambia wenzake wakifika kwa chura, yeye aruke. Yaani apite, asifanye. Kama mtu anavyoruka swali gumu kwenye mtihani."

Nikakaa juu ya benchi. Loo! Neno moja, mwalimu amelitoa kumwondoa mtoto mchezoni, na mtoto amelipokea kama mlango wa kuingilia.

"Basi hakunielewa," mwalimu akasema. "Nitamwita nimweleweshe."

"Thubutu!" Nikamshika mkono. "Mwalimu, nakuomba kama ninavyomwomba Mungu. Daktari ameshamruhusu, alikuwa anakataa mwenyewe. Sasa anaruka. Ukimweleza atakaa chini, na hatainuka tena."

Akanitazama, akautazama na utepe wangu. "Haya, mama. Nitanyamaza ukinyamaza."

Ukinyamaza! Kuambiwa mimi! Nilikuwa nakula huku neno linanikereketa. Kila Chiriku alipochora mstari wake mbali kidogo, nilijiuma ulimi. Hata kaka yangu sikumwambia, na hilo peke yake ni muujiza.

Siku ya wazazi ikafika. Watoto wakajipanga uwanjani, wakatembea kikaa, wakasimama kikorongo, mmoja akaanguka watu wakacheka. Kisha vyura. Mstari mzima ukaruka, na Chiriku akabaki. Alikuwa amechuchumaa, viganja viko chini, haendi mbele wala nyuma. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Masikini, si ndiye yule aliyevunjika?" Nilitaka kumgeukia, ila macho yangu yalikataa kumwacha mtoto.

Mwalimu akanitazama mimi. Kisha akapiga magoti nyasini mbele ya Chiriku, akafungua mikono, na akasema kwa sauti iliyofika mpaka getini, "Wewe! Ruka!"

Akaruka. Akaruka tena, mpaka akawafikia wenzake na kumgonga wa mwisho mgongoni. Nilipiga kelele, utepe niliousahau tena shingoni ukanidondoka, na yule mama wa nyuma nikamkumbatia ingawa simjui.

Njiani kurudi, Chiriku hakunyamaza hata kidogo. Karibu na nyumbani akasema, "Shangazi, leo mwalimu amelisema vizuri. Siku ile alilisema polepole, bila kuniangalia."

Nikasimama. "Polepole vipi?"

"Hivyo. Alitaka nipite."

"Ulijua?"

"Nilijua." Akarusha jiwe dogo kwa kidole cha mguu, mguu ule ule. "Nikalia chooni. Halafu nikaona, nikikwambia amesema ruka, utaamini naweza, nami nitajaribu. Na sikudanganya. Si alisema ruka?"

Nilichuchumaa pale barabarani, na gauni langu la sherehe, nikamkumbatia mpaka akalalamika nambana. Wiki zote zile nilikuwa najisifu kwa kutunza siri, kumbe katika ukoo wetu mwenye kifua ni yeye.