Gurudumu la Pikipiki Nyingine

"Kila pikipiki na gurudumu lake," mjomba alimwambia mpwa wake wa kike mbele ya gereji nzima. Alikuwa fundi asiyepata kukosea, kwa ushahidi wake mwenyewe. "Ekseli yako nyembamba, tundu la hilo la pikipiki nyingine pana. Litakumwaga kona ya kwanza."

Binti aligonga beringi za zamani zikatoka katikati ya gurudumu, akapachika nyingine za ukubwa uleule kwa nje, tundu dogo ndani, la kuitosha ekseli yake. Akafunga gurudumu, akakipanda kilima cha mawe kwa pikipiki na kurudi, vumbi mpaka kwenye kope.

Mjomba alichuchumaa, akalitikisa gurudumu. Halikucheza hata chembe.

"Umebahatisha," alisema.

Binti alishika spana, akalifungua lote.

"Vuta kigoda, mjomba. Nabahatisha tena."