Doa kwenye Ukuta wa Mama Tokie

Doa lilianza chini ya chombo, dogo kama ukucha, na mimi ndiye niliyeliona kwanza. Wageni wengine watatu walikuwa wakimtazama Mama Tokie akikoroga chai. Nilikuwa nimekaa mwisho kabisa, mahali pa mgeni wa chini, na kutoka pale ukuta wote ulikuwa mbele yangu: udongo wa rangi ya majani makavu, msumari mmoja, chombo cha maua nilichokifinyanga kwa mikono yangu, na ndani yake tumba moja la kamelia nyeupe. Doa likakua. Likawa kama sarafu, kisha likaanza kushuka.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Sita kati ya hiyo nilikuwa nimeimalizia kwenye karakana ya ufinyanzi ya Mwalimu Kuwabara, huku Tamba, bonde la wafinyanzi si mbali na Osaka. Kwetu mwanafunzi hachongi alama yake chini ya chombo mpaka mwalimu amruhusu, na mimi niliitaka alama ile kuliko nilivyowahi kumtaka mwanamume yeyote. Mwalimu aliniahidi mara moja tu.

"Mdogo wangu Tokie akitundika chombo chako kwenye hafla yake ya chai ya Novemba, na wageni wakikikubali, chonga. Wakikikataa, endelea kukanda udongo. Kukanda nako ni kazi."

Chombo kilitoka tanurini kizuri kuliko mwenye nacho. Majivu ya kuni yalikuwa yameyeyukia begani mwake, yakachuruzika upande mmoja, kijani. Lakini kwa Mwalimu kila chombo cha maua kilijazwa maji na kuwekwa juu ya gazeti siku nzima. Gazeti likilowa, nyundo. Alisema chombo cha mezani kikivuja unafuta meza, ila cha ukutani kikivuja umeharibu nyumba ya mtu.

Gazeti langu lililowa.

Dawa niliijua. Bibi zetu huziba vyungu vipya vya kupikia kwa uji wa mchele, ukaingia kwenye vinyweleo vya udongo na kuvifunga. Siku Mwalimu alipokwenda kung'oa jino, nilichemsha uji, nikaumimina ndani ya chombo, nikaacha upoe, nikasuuza. Kesho yake gazeti lilikuwa kavu, hata habari za michezo zilisomeka. Nikamwonyesha. Akalitazama gazeti, akanitazama mimi, akasema, "Haya."

Nilichosahau ni jambo ambalo kila mtu wa kwetu analijua. Chombo kama kile, cha udongo mtupu, hakitundikwi kikavu. Mwenye nyumba hukilaza majini tangu asubuhi, ili wageni wakikute kimelowa kama jiwe la mtoni. Uji wangu ulikaa majini kwa saa nne nzima, ukalainika na kuachia.

Chai ilipokwisha, Daktari Uemura, mgeni wa heshima, alisogea kwa magoti mpaka mbele ya ukuta na kuinama, kama desturi inavyotaka. Alikuwa mzee mwenye maneno mengi, lakini safari hii alilifuata tu lile doa kwa macho, kutoka juu hadi chini. Maji yalikuwa yamekaribia kufika kwenye mkeka.

"Bibi Tokie," alisema hatimaye, "chombo hiki ni kazi ya nani?"

Swali hilo huulizwa kila mara, na mwenye nyumba ndiye anayejibu. Lakini Mama Tokie alinigeukia mimi, akangoja. Nilifungua mdomo, nikaiona miaka yangu sita ikienda na maji, nikaufunga.

"Changu," alisema Mwalimu, aliyekuwa amekaa kando yangu. "Ndiyo uzee huo. Siku hizi hata gazeti silioni vizuri."

"Uzee kweli," alisema Daktari. "Umeanza kukojolea kuta za watu, Kuwabara."

Wageni wakacheka. Mwalimu akacheka nao. Na mimi nikacheka, na hicho ndicho kinachoniuma zaidi hadi leo.

Tuliporudi nyumbani alikivunja mwenyewe kwa nyundo. Mwaka uliofuata nilipeleka chombo kingine. Hakikuvuja, wageni wakakisifu, nikachonga alama yangu, na baadaye nikafungua karakana ng'ambo ya mto. Daktari Uemura aliurudia mzaha wake kila alipoalikwa, mpaka ukawa msemo wa bonde zima: hata Kuwabara huvuja. Mwalimu alikuwa akiusikia, anatabasamu, anaendelea na kazi. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilichukua miaka tisa, na kabla sijafika mwisho wake Mwalimu alifariki, mwezi wa pili, theluji ikiwa bado juu ya paa la tanuri.

Novemba ya mwaka huo Mama Tokie alinialika. Ukuta hakuwa ameukandika upya. Mgeni mmoja, mwanamke kutoka Osaka, aliuliza kwa adabu lile doa lilitokana na nini.

"Chombo cha marehemu kaka," alijibu Mama Tokie. "Kilivuja."

"Kilikuwa changu," nilisema. "Nilikiziba kwa uji, nikamdanganya. Na aliposema ni chake, nikanyamaza."

Mama Tokie alikuwa akisuuza bakuli. Hakuinua uso. Alimaliza kulisuuza, akalifuta, akaliweka chini taratibu.

"Kaka aliniambia utasema," alisema. "Alidhani ni wiki ile ile."