Kanuni ya Kumi na Tisa

Maji meusi yalichungulia chini ya mlango wa choo cha wanaume saa nne na robo asubuhi, yakaja polepole juu ya vigae kama mgeni asiye na haraka. Wakati huohuo, ndani ya ukumbi, Mwenyekiti wa Kamati ya Mapitio alikuwa akiwaambia wadau mia mbili kwamba afya ya jamii ndiyo uhai wa taifa. Wadau waliitikia kwa vichwa. Wengine waliitikia kwa pua.

Koroboi aliyajua maji yale kabla hajayaona. Alikuwa amekaa kiti cha mwisho karibu na mlango, ndani ya koti lililonuka dawa ya nondo, na harufu ilipomfikia akasema kimoyomoyo: shimo limejaa, na bomba limeziba. Daktari husikiliza kifua. Yeye huu ulikuwa mwaka wa thelathini na moja anasikiliza vyoo.

Alikuwa mtapishaji. Choo cha mtu kikijaa huitwa Koroboi, naye huja na ndoo, kamba na ile taa ndogo ya utambi iliyompa jina. Wenzake walimcheka kwa taa hiyo. Yeye hakushuka shimoni bila kuitanguliza. Taa ikiwaka mpaka chini, mtu atapumua. Ikizimika njiani, na mtu atazimika hapohapo.

Mlangoni asubuhi ile, binti wa mahudhurio alimuuliza bila kuinua macho, "Taasisi?"

"Sina taasisi, mwanangu. Natapisha vyoo."

Binti akashuka na kalamu orodha nzima: wizara, halmashauri, wafadhili, vyuo, wenye mahoteli, wauza dawa za mbu. "Hiyo haimo."

"Haimo, lakini nimo mimi."

Akamwandika chini kabisa, penye Mengineyo. Kabrasha hakupewa. Makabrasha yalikuwa ya wadau: kurasa themanini za karatasi nene inayong'aa, na picha ya mtoto ananawa mikono.

Kanuni za afya ya jamii zilipitiwa kila baada ya miaka mitano, na hii ilikuwa mara ya nne Koroboi kuhudhuria. Wenyewe walikuwa wamesahau mara zile tatu. Yeye angeweza kuwatajia nani alivaa nini.

Mara ya kwanza mdogo wake alikuwa na miezi miwili kaburini. Alikufa ndani ya shimo la nyumba ya kupanga yenye vyumba kumi na viwili, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa na wageni na hakutaka kusikia habari za kusubiri. Juu alibaki Koroboi peke yake na kamba. Kati yao walikuwa na lugha yao: wa juu anavuta mara moja, maana yake upo? Wa chini anajibu mara moja, nipo. Siku ile alivuta, kamba ikaja legelege. Hospitali waliandika kwamba marehemu aliteleza. Koroboi akaenda kwenye mapitio na sentensi moja kichwani. Akaambiwa muda umekwisha, alete kwa maandishi.

Mara ya pili alileta kwa maandishi. Ikapokelewa. Kupokelewa ndiyo ikawa mwisho wa safari yake.

Mara ya tatu alikipata kipaza sauti. Akasimama, akasema: "Shimo likifunuliwa, lishushiwe taa. Taa ikizimika, asishuke mtu mpaka kesho yake, na mwenye choo asubiri. Anayeshuka awe na kamba, na juu wabaki watu wawili." Mwanasheria wa Kamati, mwenye tai ya njano, alimtazama kama mtu anayetazama kiatu alichokanyagia uchafu.

"Mzee, umesoma Kanuni ya Kumi na Tisa? Hakuna mtu atakayeshuka ndani ya shimo la choo kwa kazi yoyote ile. Imekatazwa! Sasa unataka tuandike utaratibu wa kutenda kosa? Kesho wezi watakuja kuomba kanuni ya ngazi."

Ukumbi ukacheka mpaka wengine wakajifuta machozi. Baada ya kikao, watatu kati ya waliocheka walimwomba namba yake ya simu. Vyoo vyao vilikuwa vimejaa.

Basi leo alikuja tena. Mla ndizi husahau. Mtupa maganda hasahau.

Mtunza ukumbi alinyata huku ameinama hadi kwenye kiti chake, akamnong'oneza, "Koroboi, toka mara moja."

"Leo nimekuja kusema, sikuja na ndoo."

"Utasema. Kwanza njoo unuse."

Nyuma ya ukumbi kulikuwa na mfuniko wa zege, na pembeni bomba nene likitoka vyooni kuingia shimoni. Gari la maji taka lilikuwa limefika tangu saa tatu, lakini lilisimama barabarani. Uani palijaa magari ya wadau, yamebanana kama meno, na hata mpira wa kunyonyea haukuweza kufika. Na hata ungefika, bomba lilikuwa limeziba mdomoni, ndani kwa ndani, mahali panapotaka mkono wa mtu.

Koroboi alimpigia simu mkwe wake, mume wa binti yake wa mwisho, aliyekuwa akifanya naye kazi mwaka wa nne sasa. Mkwe akaja na vifaa begani, akaitazama milango iliyobandikwa mabango ya mapitio.

"Shikamoo, baba. Kumbe leo tunaitapisha Serikali?"

"Marahaba. Punguza sauti, ina masikio."

"Ina na tumbo, naona."

Wakafunua mfuniko. Koroboi akawasha taa, akaifunga kwenye uzi, akaiteremsha kwa kupima mikono. Mkono wa kwanza, ikawaka. Wa pili, ikawa ndogo. Wa tatu, ikazimika kama iliyobanwa kwa vidole. Akaivuta, akaiwasha tena, akaishusha upande mwingine. Mkono wa tatu.

"Kesho," akasema, akaanza kukunja kamba.

Hapo ndipo Bwana Afya alipotokea, kitambulisho kifuani, leso puani. Huyu ndiye aliyesimamia usafi wa eneo zima, na alimjua Koroboi vizuri, kwani nyumbani kwake alikuwa amemwita mara mbili.

"Kesho nini? Mgeni rasmi anafika saa saba. Akibanwa ataenda wapi?"

"Aende kwenye kabrasha, lina kurasa nyingi," Mkwe akasema.

"Kijana, huo mdomo utakuponza." Akamgeukia Koroboi. "Mzee, zibueni."

"Taa imezimika, Bwana Afya. Sogezeni magari, gari la maji taka linyonye kwanza, shimo lilale wazi. Kesho asubuhi nitaliingia hata kwa kuimba."

"Nikamwambie mkurugenzi atoke mkutanoni asogeze gari? Kwa ajili ya taa yako?" Bwana Afya alicheka bila kuondoa leso. "Unajua nimekufumbia macho miaka mingapi? Kazi yenu yenyewe ni kosa."

"Basi nikamate."

"Nikukamate, halafu nani azibue?" Akashusha sauti, akawa kama mtu mwema. "Sikia. Kanuni ya Kumi na Tisa inafikiwa leo, kabla ya chakula. Najua una neno lako. Choo kikizibuka, jina lako nalipeleka kwa Mwenyekiti mimi mwenyewe. Dakika tatu, na kipaza sauti. Kisipozibuka, tutaonana baada ya miaka mitano. Mungu akikuweka."

Akaondoka akiruka madimbwi.

Koroboi alibaki amesimama na taa iliyozimika mkononi. Miaka kumi na mitano alikuwa anaomba watu wasishushwe shimoni kabla shimo halijapoa. Sasa anauziwa nafasi ya kuliomba hilo, na bei yake ni kushuka kabla shimo halijapoa. Akaanza kuvua koti.

Mkwe akamshika mkono. "Hapana, baba. Wewe una maneno, mimi nina mapafu. Kila mtu aingie na chake."

"Taa umeiona."

"Nimeiona. Na wale umewaona. Usiposema leo ni miaka mitano mingine, na ndani yake tutaitwa mashimo mangapi? Mashimo mangapi yatatusubiri kesho?"

Koroboi alimaliza kuvua koti, akalikunja. Yalimuuma maneno yale. Alikuwa na umri wa kumzaa kijana huyu, na kijana alikuwa amesema kweli.

Walilifanyia shimo walichoweza. Walilipepea kwa kipande cha boksi, mtunza ukumbi akamwaga ndoo za maji safi, wakangoja nusu saa mahali panapotaka siku nzima. Taa ikashuka mikono mitano safari hii, ikayumba, ikafa. Mkwe akageuka ukutani kuvua nguo, na Koroboi akageukia upande mwingine, kwa kuwa hata kando ya shimo la mavi mkwe ni mkwe. Akamfunga kamba chini ya makwapa, akalirudia fundo mara tatu.

"Ukisikia kichwa chepesi, vuta mara mbili. Usione haya."

"Haya nimeiacha huko kwenye suruali, baba."

Akashuka.

Koroboi na mtunza ukumbi walishika kamba. Avute, ijibiwe. Avute, ijibiwe. Ndoo ya kwanza ilipopanda, Koroboi aliingiza mkono, akatoa tonge la karatasi nene linalong'aa. Akalifumbua. Mtoto alikuwa ananawa mikono.

"Chooni hamkuweka karatasi?" akauliza.

Mtunza ukumbi akatazama pembeni. "Fungu lilielekezwa kwenye makabrasha."

Ndoo ya pili kanuni, ya tatu kanuni. Kisha bomba likakoroma, likacheua, na maji yote yaliyosimama vyooni yakaanguka kwa kishindo. Kutoka chini Mkwe akatukana tusi refu la furaha.

"Panda sasa!" Koroboi akaita.

"Bado tonge moja kwenye kona! Likibaki litaziba tena, na watasema hatukuzibua!"

Kipaza sauti cha nje, kilichofungwa kwa ajili ya madereva, kikasema: "Kanuni ya Kumi na Saba, imepita. Twende Kumi na Nane."

"Baba, umesikia? Nenda!"

"Panda kwanza."

"Nenda, baba! Nitakufa kwa kukusubiri, siyo kwa gesi!"

Koroboi alimtazama mtunza ukumbi. Juu wabaki watu wawili. Sentensi ilikuwa yake mwenyewe, aliilea miaka kumi na mitano, na sasa alihitaji kuivunja kidogo, dakika tatu tu, ili aende kuisema.

"Usiachie kamba hii," akasema. "Vuta mara moja. Asipojibu, piga kelele mpaka paa ling'oke."

"Nenda, nipo."

Alinawa kwa maji ya ndoo, akavaa koti, akakimbia kama wazee wanavyokimbia. Mlangoni binti wa mahudhurio alinyanyuka, mkono puani.

"Mzee, humu kuna watu."

"Jina langu liko kwa Mwenyekiti."

Binti akatazama karatasi yake, mbele na nyuma. "Halipo. Na kwa hali hiyo siwezi kukuruhusu. Ni suala la afya."

Kupitia bega lake Koroboi alimwona Bwana Afya, mstari wa pili, akisoma simu. Alimpungia mkono. Bwana Afya aliinua macho, akamwona kabisa, akarudi kwenye simu.

Koroboi akazunguka hadi dirishani. Lilikuwa la vioo vya kukunja, wazi. Akaweka mdomo kwenye upenyo, akasema kwa sauti yake yote: "Shimo likifunuliwa, lishushiwe taa! Taa ikizimika, asishuke mtu—"

Mama mmoja mwenye kilemba kikubwa aligeuka, akakunja uso. Mwanamume mwenye tai, wa pembeni yake, akanyoosha mkono bila hata kutazama nje, akavuta kishikizo. Vioo vikajifunga, kimoja juu ya kingine, na katika kila kimoja Koroboi akajiona mdomo wazi.

"Kumi na Tisa," kikasema kipaza sauti. "Kuna maoni?"

Akapiga kioo kwa kiganja.

"Hakuna maoni."

Akarudi uani. Mtunza ukumbi hakuwepo. Mgeni rasmi alikuwa amewahi, gari lake refu lilikuwa limesimama kwenye geti la upande wa pili, na mtunza ukumbi alikuwa ameitwa mbio akafungue choo cha wageni. Kabla ya kwenda alifanya la uungwana: alifunga ncha ya kamba kwenye nguzo ya bomba la maji, kwa fundo zuri.

Koroboi akalifungua. Akavuta mara moja.

Akasubiri.

"Mkwe," akaita. Kisha akamwita kwa jina lake, jina ambalo tangu siku ya ndoa hakuwahi kulitamka.

Akavuta tena. Kamba ikaja legelege kiasi cha shibiri mbili, halafu ikawa nzito. Akazungusha kamba kiunoni, akakita miguu kwenye ukingo wa zege, akaanza kuvuta uzito ambao siku zote ulivutwa na wanaume wawili. Alipiga kelele. Uani madereva walikuwa wamefunga vioo, kwa sababu ya harufu.

"Kanuni ya Kumi na Tisa," Mwenyekiti akasoma taratibu, kwa kuwa mgeni rasmi alikuwa anasikia, "inabaki kama ilivyo. Hakuna mtu atakayeshuka ndani ya shimo la choo kwa kazi yoyote ile. Imepita."

Wakapiga makofi, ya muda mrefu. Makofi yalipokwisha, kule ndani, katika choo cha wageni, mtu mmoja alivuta maji. Koroboi aliyasikia yakija ndani ya bomba, yakapita karibu na mguu wake bila kizuizi chochote, yakaanguka shimoni.