Ufa wa Shimo la Tatu

Kitu cha kwanza alichokiona Jacinta ni sisimizi. Walikuwa kumi hivi, wakivuka sahani ya chuma juu ya kaunta ya duka la Obeid, na hawakuvuka moja kwa moja. Walianzia ukingoni, wakafika shimo la tatu, wakakata kushoto, kisha wakatokea upande wa pili karibu na shimo la sita. Chuma kilikuwa kipya na kizima. Hapakuwa na kitu cha kuwafanya wapinde. Jacinta alipoiinua sahani ili aipime kwa uzi, ufa ulifunguka palepale walipopita, polepole, bila kelele, kama zipu ya begi.

"Hiyo umenunua," alisema Kadija, mke wa Obeid, bila kuinua uso. Kisha akaangalia vizuri. "Ngoja. Hujaiangusha."

"Hapana, mama."

"Basi shika hii ingine."

Ya pili ikapasuka hivyohivyo, na ya tatu vilevile, kutoka ukingoni hadi shimo la tatu, kisha la sita. Kadija alimwambia asiguse ya nne kwa sababu hiyo ilikuwa ya mteja wa Milimani. Aliandika "ina ufa" kwenye vipande vitatu vya katoni, akavifunga kwenye zile tatu, akaziegemeza mlangoni. Alisema zenye ufa hazikosi mtu. Kuna watu hufunikia mifereji ili panya wasipande.

"Ni wewe, si chuma," aliongeza, kama anayemwambia mteja kwamba nguo ni nzuri ila haimkai. "Enda Kibuye kwa fundi Joram. Yeye hutengeneza papo hapo."

Sahani hiyo ilitakiwa kwa jiko la Bwana Mathews, aliyekuwa na mahali pa kuuzia samaki wa kuchoma karibu na ufuo wa Dunga. Jiko lenyewe lilikuwa la kauri, la kijani, umbo la yai, zito kiasi kwamba lilibebwa na wanaume wanne. Mholanzi mmoja aliyekuwa akichimba visima alimwachia alipohama. Mdomo wa jiko hufungwa kwa kifuniko, na chini lina kidirisha cha hewa. Ndani, makaa hukaa juu ya sahani ya chuma yenye matundu, na majivu hupita hapo yakaanguka chini. Bila sahani hiyo, jiko ni chungu kikubwa tu.

Kuichagua si kuokota yoyote. Lazima ibaki nafasi ya kidole kuizunguka, maana chuma hupanuka kikishika moto, na kikikosa pa kupanukia hupasua kauri. Matundu yakiwa makubwa, makaa madogo huanguka. Yakiwa madogo, majivu huziba na moto hukosa pumzi. Bwana Mathews alimpa Jacinta uzi wenye mafundo mawili na kumwambia, "Kati ya fundo na fundo. Ulete ile itakaa. Jumamosi niko na kamati ya harusi, watu thelathini."

Sahani ya kwanza ya jiko ilipasuka kwa sababu ya maji. Ilikuwa Jumapili, wageni wameshaondoka, na jiko lilikuwa bado na makaa mengi mekundu. Kwao Nyalenda, mama yake Jacinta hakuwahi kuacha makaa yateketee bure. Chai ikishaiva aliyamwagia maji, akayaanika juu ya gunia, na kesho yake yakawaka tena. Kila nyumba ya ploti yao ilifanya hivyo. Mtu aliyeacha makaa yakawa majivu alisemwa. Jacinta hakuambiwa na yeyote kwamba jiko la kauri huzimwa kwa kulifunga juu na chini likose hewa. Alichukua jagi la maji akamwaga. Kulisikika mlio mmoja, kama mtu aliyegonga ulimi. Alianika makaa juu ya gunia, akaosha jagi, akaenda nyumbani.

Asubuhi Bwana Mathews alitoa sahani ioshwe, akauona ufa majivu yalipotoka, akauliza, "Nani?"

Wafanyakazi wa jikoni walikuwa wawili. Jacinta alikuwa amechutama akiparua samaki. Atieno, mpishi, alikuwa akiosha ile sahani.

"Si mimi," alisema Atieno.

"Anayejibu mbio ndiye anajua."

"Mathews, umeuliza, nimejibu. Ulitaka niimbe?"

Jacinta aliendelea kuparua. Magamba yalimrukia mikononi na usoni. Alikuwa na sentensi mdomoni, fupi, lakini tangu utotoni sentensi zake zilizoea kufika kwenye meno na kurudi. Hata shule aliiacha darasa la sita kwa sababu hiyo, pamoja na sababu nyingine zote: mwalimu aliuliza nani hana sare, na yeye akatoka nje badala ya kujibu.

Wiki mbili kabla ya hapo, Atieno alikuwa amemwambia Bwana Mathews mbele ya wageni kwamba walikubaliana apumzike kila Jumapili ya pili aende kanisani, na kwamba hajaona hata moja. Sasa aliambiwa akapumzike Jumapili zote. Alifunga begi lake, akarudi kijijini kwa mama yake, Pap Onditi. Saa sita mchana Jacinta alikuwa amevaa aproni yake. Ilimfika magotini, kwa sababu Atieno alikuwa mrefu. Sahani yenye ufa ilibeba makaa wiki tano zaidi, kisha ikakatika vipande viwili.

Fundi Joram wa Kibuye aliusoma ule uzi, akakata nondo, akazichomelea kwenye duara na kulichovya kwenye ndoo ya maji. Alikuwa mzee mwenye nyusi zilizoungua nusu. Jacinta alipolipokea, ufa ulipita kwenye nondo moja hadi nyingine kwa njia ileile, ukiruka nafasi zilizo katikati na kuendelea mbele. Joram alivaa miwani yake, akachomelea kila palipokatika. Ufa ulisogea upana wa ukucha, ukafunguka kando ya chomeleo.

"Eeh," alisema Joram. Alizima mashine ili asipoteze umeme. "Hii naijua. Kuna jamaa alileta geti hapa, kila bawaba nilifunga ikitoka. Kumbe kuna kitu hajaambia ndugu yake."

"Alipomwambia?" aliuliza Jacinta. Sauti yake ilikuwa ndogo mpaka Joram akainama.

"Geti ikafunga. Lakini mwingine alisema yake yote, mpaka akalia, na sufuria ikavuja tu. Haina kanuni, nyathina." Nyathina, yaani mtoto wangu, ndivyo wazee wote wa pale walivyomwita kila kijana. "Ya kwanza alivunja nani?"

Jacinta aliokota uzi wake.

"Mimi sihitaji kujua. Mimi ni wa nondo." Alitundika duara lenye ufa ukutani, pamoja na vitu vingine ambavyo wenyewe hawakuvichukua. "Jaribu udongo. Pap Onditi kuna mama anatoboa sahani za udongo za makaa, ngumu kama tofali. Binti yake amerudi majuzi kumsaidia. Alikuwa mpishi hapa mjini, msichana mrefu, mdomo kama redio."

Jacinta alijua ni nani. Angeweza kurudi na kusema hakupata. Alikaa kidogo juu ya chuma kilichopinda nje ya kibanda cha Joram, ule uzi kiganjani, akihesabu siku zilizobaki kabla ya Jumamosi. Zilikuwa mbili.

Alhamisi ilikuwa siku ya soko Pap Onditi. Atieno alikuwa ameketi nyuma ya vyungu, miguu ameinyoosha, akitoboa sahani mbichi kwa mti uliochongwa. Alimwona Jacinta kabla Jacinta hajaamua kama atajificha nyuma ya muuza mihogo.

"Ero, huyo hapo! Bubu wa Mathews!" aliita, na wanawake wa pembeni wakageuka. "Umekuja kuona kama nimekonda? Angalia. Nimenenepa. Jumapili naimba kwaya mpaka jirani wanalia. Aproni yangu inakutosha?"

"Ni ndefu."

"Ikunje. Unataka nini?"

Jacinta alimpa uzi. Atieno aliupima juu ya sahani zilizokwisha kuchomwa, akachagua moja nyekundu, akaigonga kwa kidole. Ilitoa sauti safi.

"Udongo haupanuki kama chuma," alisema kwa sauti ya kazi. "Nafasi ya kidole inatosha, hata nusu. Matundu haya nimeyatoboa mimi, yanapitisha majivu, makaa yanabaki. Shika."

Jacinta aliweka mikono nyuma.

"Shika, dada. Haiumi."

Aliishika. Sisimizi wawili walitoka chini ya gunia, wakapanda, wakapita ukingoni, shimo la tatu, shimo la sita, wakashuka. Ufa ukawafuata. Muuza mihogo aliangalia, akasema udongo wa mwaka huu una mchanga mwingi, akarudi kwa wateja wake.

Atieno aliinama juu ya sahani. Alipitisha kidole kwenye ufa, taratibu, na kilipofika kwenye shimo la tatu kilisimama.

"Hapa inakunja," alisema. "Ile ya Mathews ilikunja hapahapa. Niliiosha kwa mikono yangu asubuhi ile."

Jacinta alisikia sentensi ikipanda. Ilifika kwenye meno.

Atieno alingoja muda wa mtu kufunga lesi. Kisha akachukua kipande cha waya, akakizungusha kwenye ukingo wa sahani mara mbili, akakikaza kwa koleo mpaka kikalia.

"Ichukue. Yenye ufa ikifungwa waya inabeba makaa vizuri, mradi usiimwagie maji." Alimtazama sasa. "Sijakuuliza kitu. Siku ile mdomo ulikuwa nao. Bado unao, naona. Kazi yangu haiko hapa kwa soko, iko kwa Mathews. Kama una neno, mtu wa kumwambia anakaa Dunga."

Jumamosi kamati ya harusi ilifika kabla ya saa saba. Jiko la kijani liliwaka. Sahani ya udongo ilikaa vizuri ndani ya kauri, nafasi ya kidole pembeni, na moto ulikuwa na pumzi. Majivu yaliyopita kwenye matundu yaliangukia chini kama vumbi, lakini yaliyopita kwenye ufa yaliangukia mstari mmoja uliopinda, mweupe, ambao Jacinta aliuona kila alipofungua kidirisha cha hewa. Aliufagia mara tatu. Mara tatu ulirudi.

Bwana Mathews alikuja kuangalia samaki, akachungulia chini.

"Umechagua yenye ufa."

"Zote zina ufa, Bwana Mathews."

"Inakunja kwa ya tatu." Alitikisa kichwa kama anayeona mtu wa zamani. Kisha, kwa sauti ya chini, bila hasira, alisema, "Usimwage maji tena. Nilikuona siku ile kwa dirisha, na jagi."

Jacinta alisogeza samaki mmoja kwa koleo.

"Sikukufukuza, kwa sababu wewe huongei," alisema Bwana Mathews. "Mpishi wa kuongea nilikuwa naye. Geuza hao wawili, wanaungua."

Aliwageuza. Ngozi yao ilikuwa imeiva vizuri. Bwana Mathews alikwenda kukaa na wageni, akacheka jambo fulani pamoja nao. Mzee Oduor, mwenyekiti wa kamati, aliomba pilipili, na Jacinta akampelekea. Badala ya kurudi jikoni alibaki amesimama pale kwenye kona ya meza, aproni ya mtu mwingine ikimgusa magoti, watu thelathini mbele yake.

Alizungumza. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyodhani angekuwa nayo, na wote walisikia, hata waliokuwa wakinawa mikono kwenye bomba. Mzee Oduor aliitikia "haya" kwa adabu, kama mtu anayeitikia salamu, akajimiminia pilipili. Mama mmoja aliuliza kama ugali bado upo. Upo, aliambiwa. Ufa haukufunga. Mpaka leo sahani ile imo ndani ya jiko, na waya wake, na kila asubuhi mstari uliopinda hufagiliwa pamoja na majivu mengine. Bwana Mathews hakumwita Atieno, si siku hiyo wala baadaye, na hakumfukuza Jacinta pia, kwa sababu Jumapili ilikuwa na wageni. Maneno yenyewe hayakuwa mengi. Yalikaa mdomoni wiki sita, na kuyasema hakukuchukua hata muda wa kumeza tonge:

"Atieno hakuvunja kitu hapa. Ni mimi niliyemwaga maji, na nilikuwepo alipoulizwa."